Tangazo kwa Wateja wa Tumbo Moja

9 Novemba

Kitinda wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi tupo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na magoti yameanza tena kumsumbua. Ngazi za kwangu anazipanda akiwa amenishika bega. Nilimhamishia kwangu siku ile ile ya maziko. Dukani kazi ni ile ile unayoijua: natoa nakala, napiga picha za pasipoti, naandikia watu barua za kuomba kazi, nafasiri vyeti vyao. Juzi mzee mmoja kanigombeza kwamba picha imemtoa vibaya. Nikamwambia, "Baba yangu, mashine inachukua kilichopo." Mama alicheka nilipomsimulia, na ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu tumzike Meneja.

Tulimzika vizuri, usiwe na wasiwasi. Mafundi wenzake wa lifti walikuja wote, na mkuu wao alisimama akasema kwa miaka kumi na moja kaka yetu hakuwahi kumwacha mtu amekwama kwenye lifti zaidi ya saa moja. Watu waliuliza uko wapi. Nilisema kazi na vibali. Mama hakuuliza.

Utashangaa kuona karatasi. Nimetoka kwenye kundi letu la simu la Tumbo Moja, siwezi kufungua simu nikakuta sisi wanne, watoto watatu na Mama, bado tumepangwa pale juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu kwenye simu mtu akiguswa kidogo anatuma kikatuni cha machozi na amemaliza kazi. Nataka ukae kitako uandike.

Jambo lenyewe ni hili. Hospitali wamerudisha simu ya Meneja na Mama haiachi. Kilugha anakisoma mwenyewe. Kiswahili anakifuata kwa kidole, polepole, lakini anafika. Akikuta Kiingereza anagota. Na unajua tulivyokuwa tukiandikiana. Msiba, ugonjwa na kugombezwa vilikuwa vya kilugha. Nani kafika salama na nani kasahau dawa za Mama, Kiswahili. Utani ulikuwa wa Kiingereza, pamoja na yale tuliyotaka Mama asiyaone. Hakuna aliyetupangia, tulijikuta tu. Sasa anataka yote. Ameniambia, "Wewe unawafasiria watu baki vyeti vyao kutwa nzima. Nifasirie na mwanangu."

Nimekubali. Naanza Jumapili, kuanzia mwaka jana. Kama kuna jambo unakumbuka kuhusu alivyokuwa siku hizo, niandikie.

Dada yako


28 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yangu, umpe pole ya magoti. Barua yako ilinikuta natoka zamu. Mimi mzima, ila miguu jioni haiingii kwenye viatu nilivyovaa asubuhi. Sijui kama nilishakueleza ninapofanya kazi: ni chini ya hoteli, chumba hakina dirisha, tuko sita, na mashuka yanashuka kwenye bomba kutoka ghorofa zote hadi juu ya vichwa vyetu. Mikono yangu inanuka jiki hata nikila. Kuhusu maziko, Dada, ningetoka nisingerudi. Karatasi zangu unazijua. Nililia hapa hapa, kwenye mashine ya kunyooshea, na mvuke ukanisaidia, hakuna aliyejua.

Nimekumbuka Meneja alivyopata jina. Alikuwa na miaka minane, akasimama juu ya kiti cha jikoni akatutangazia kwa Kiingereza cha mabwana wa benki kwamba bafu halitatumika hadi hapo itakapotangazwa tena. Mama hakuelewa hata neno, akadhani kafundishwa shuleni, akampigia makofi. Na bafu kweli lilikuwa limeziba, yeye ndiye aliyeliziba.

Kuhusu hiyo kazi ya kumfasiria Mama, mimi naona uiache. Utani ukiufasiri unakufa. Hatacheka, ataumia tu na kujiona aliachwa nje ya nyumba yake. Msomee za Kiswahili, na za kilugha ajisomee. Hizo nyingine mwambie ni upuuzi wa watoto, hasa za mwezi wa tatu na kuendelea, tulikuwa tunapiga soga tu.

Mdogo wako


3 Januari

Kitinda,

Mwaka umeingia, tuko hai, hilo tushukuru. Barua yako ilikaa posta siku nyingi, bahasha ilifika imelowa upande mmoja. Mama anatembea hadi dirishani na kurudi bila kunishika. Mashine yangu kubwa ya nakala imekufa, nimebaki na ile ndogo inayokula karatasi, na watu wanaofungua shule ndio hao wamejaa mlangoni.

Hukuniuliza nimefika wapi. Nimefika mwezi wa tatu.

Tangazo lake la tarehe 12 Machi unalikumbuka. Nalinakili hapa kwa Kiswahili, ili nawe ulione nje ya mavazi yake ya Kiingereza: "Mteja wetu mpendwa. Uongozi unasikitika kukujulisha kuwa machujio yote mawili ya mtambo huu yameacha kufanya kazi. Tunatafuta chujio moja kutoka ndani ya familia ya makampuni yetu. Vipuri vya nje havitafaa. Maombi yatashughulikiwa kwa siri. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote."

Mimi nilituma vikatuni saba vya kucheka. Nimevihesabu. Nikaongeza, "Mbavu sina, Meneja." Siku ile foleni ilikuwa hadi barabarani na nilisoma nusu. Wewe ulijibu dakika nne baadaye, kwa Kiingereza kile kile: "Ombi lako limepokelewa. Stoo imefungwa kwa ajili ya kuhesabu mali. Tafadhali jaribu tawi jingine." Naye akaandika, "Asante kwa kuendelea kuwa mteja wetu." Baada ya hapo ni picha ya paka aliyelala ndani ya lifti.

Sasa fikiria nimekaa na Mama saa kumi za jioni, chai iko mezani, nataka kumweleza hayo kwa kilugha. Kilugha hakina mteja mpendwa. Hakina uongozi wala familia ya makampuni. Nikimwambia chujio ataniuliza la chai au la mafuta. Nilianza mara tatu, yeye kanikazia macho. Ikabidi niondoe kila kisichokuwa na neno, na kilichobaki mdomoni mwangu kilikuwa hiki: "Ndugu zangu, figo zangu zote mbili zimekufa. Naomba moja kwenu." Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo. Ndilo alilokuwa amesema tangu mwanzo, Kitinda. Alisema Machi, na mimi nikacheka.

Mama aliuliza, "Mkamjibu nini?" Nikasema nitamsomea kesho. Tangu siku hiyo nasingizia duka.

Kuna jingine. Juni alipotuandikia kwa Kiswahili kwamba ameanza kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kama mtu anayetuambia amefika salama, nilimpigia. Nikamwambia mimi na sukari yangu daktari hatanitazama mara mbili, lakini Kitinda je, umemwuliza? Akaniambia, "Kitinda alishapimwa huko huko. Damu hazikulingana. Usimkumbushe, inamuuma." Ndiyo maana sikukuuliza hata siku moja. Sasa nakuuliza. Ulipimwa lini, kabla ya tangazo au baada yake? Nataka nimpangie Mama mambo yalivyofuatana.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo nyingi. Natumaini Mama anaendelea vizuri na magoti yamepoa, na wewe sukari haipandi, na mashine kubwa imepona. Huku baridi imezidi. Hoteli ina mkutano wa siku tisa na mashuka hayaishi. Nimebadilishiwa zamu mara mbili. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha, linatazama ukuta.

Samahani nimechelewa kujibu.

Ndiyo, nilipimwa. Ilikuwa Aprili. Hazikulingana. Sikupenda kulizungumza. Lile tangazo nililichukulia utani, kama wewe tu, yeye ndiye aliyenieleza baadaye.

Mdogo wako


15 Machi

Kitinda wangu, kipenzi cha Mama,

Salamu hizi zinatoka kwa Mama mwenyewe, kaniamuru nizitangulize kabla ya zangu. Mzima, anakula. Jana kapanda ngazi peke yake akafika juu anahema, akaniambia nisimtazame kama mgonjwa.

Nimemwambia. Sikujua litamfanyia nini, lakini ngoja nikueleze. Tangu maziko alikuwa na donge nawe, mimi nilikuwa nakuficha. Hakulitaja jina lako miezi minne. Nilipomwambia Kitinda alikwenda akatoa damu ikapimwa, peke yake, ugenini, na haikulingana, alifunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo hadi chai ikapoa. Kisha akaanza kukuombea dua kwa kilugha, ndefu, na mwisho akakuomba radhi kwa sauti kama vile uko mlangoni. Picha yako ya shule ya msingi, ile uliyonuna, iko mezani kwake sasa. Anamweleza kila anayekuja. Wiki iliyopita walikuja wawili wa mafundi wa lifti kumjulia hali, akawaambia, "Hata yule wa mbali alijaribu. Wanangu hawakutupana."

Na mimi nimemsomea yangu. Aliniuliza vile vikatuni saba maana yake nini. Nikasema, "Mama, ni mimi nacheka." Alichukua kikombe chake akaingia chumbani, na siku mbili tulikuwa tunapishana mlangoni tu. Nilistahili.

Jibu lako kwa lile tangazo bado sijamsomea. Anataka kitu kimoja kutoka kwako: ile karatasi ya majibu ya damu. Anataka nimfasirie, kisha aiweke pamoja na karatasi za Meneja, ndani ya bahasha moja. Itume, hata iwe nakala iliyofifia, mimi nakala ndiyo kazi yangu. Ikifika nitamsomea vyote kwa pamoja, jibu na karatasi, asione kimoja bila kingine.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Aprili, na kila mara nikimaliza salamu naichana. Leo salamu ni hiyo moja tu.

Karatasi haipo. Sikupimwa. Sijatoa hata tone.

Nilipoisoma barua yako ya Januari, pale Meneja alipokuambia nilishapimwa, nilikuwa nimekaa juu ya lundo la mashuka machafu, na sikuweza kuinuka hadi msimamizi aliponiita mara ya tatu. Sikujua kama alisema hivyo. Hakuwahi kuniambia. Aliniwekea uongo wake tayari, umekunjwa vizuri, na mimi baada ya wiki nne za kufikiri nikauvaa. Niliandika "ilikuwa Aprili" kwa sababu uongo hutakiwa kuwa na tarehe.

Na tangazo sikulichukulia utani. Nataka nilieleze hili sawasawa, maana sitaweza kulieleza mara ya pili. Januari ile alinitumia peke yangu picha ya vifundo vya miguu yake vimevimba, chini kaandika kwa Kiingereza kwamba soksi za kampuni zimeshuka ubora. Nikacheka, lakini nikaenda kutafuta ni ugonjwa gani unavimbisha hivyo. Kwa hiyo Machi, nilipolifungua lile tangazo kwenye mapumziko, nilielewa kabla sijafika mwisho. Nilijua ananiomba mimi. Wewe una sukari, Mama ni mtu mzima. Aliandika "ndani ya familia ya makampuni" kama anaongea na wote, lakini ndani ya familia ile mwenye figo ya kutoa nilikuwa mmoja.

Niliogopa, Dada. Niliogopa kisu. Niliogopa kulala miezi miwili bila kazi, kupoteza chumba, kurudi nyumbani na tumbo lililoshonwa na kuanza upya nikiwa na miaka thelathini na nne. Nilikuwa na dakika nne. Angeniandikia kwa kilugha ningekuwa na jibu moja tu, kwa sababu kwa kilugha hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumkatalia mwenzake. Kwa Kiswahili ningejikanyaga na angenipigia. Lakini alikuja kwa Kiingereza, kwenye lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna anayeulizwa kesho yake alisema nini. Nafikiri alifanya hivyo kwa makusudi, aniachie mlango. Nami nikautumia. Nikaona ulivyocheka na nikafurahi, kwa kuwa sasa tulikuwa wawili tuliocheka, na wako ulikuwa wa kweli.

Alielewa. Lile "Asante kwa kuendelea kuwa mteja wetu" lilikuwa la kwangu. Hakuniuliza tena. Tangu siku ile hadi Oktoba alinitumia utani kila wiki, nami nikajibu kila wiki, na yeye akiwa ameunganishwa na mashine siku tatu katika kila saba. Wiki ya mwisho alinitumia picha ya kitufe cha lifti kilichong'oka. Nilituma kikatuni cha kucheka. Asubuhi yake ukanipigia wewe.

Siwezi kuvumilia zile dua. Wala ile picha yangu iliyo mezani. Mwambie Mama ukweli. Na tafadhali mwambie kwa kilugha, kwa sababu hili ni la msiba, na kwa Kiswahili nilivyoliandika hapa linaonekana jepesi. Mimi kilugha nakisikia tu, kukiandika sikuwahi. Mlipokiandika kwenye kundi mimi nilikuwa naweka kile kikatuni cha mikono miwili iliyoshikana, mkaona nimejibu. Wewe unawafasiria watu wote. Nifasirie na mimi.

Mdogo wako


30 Juni

Kitinda,

Mama hajambo. Mimi nina hasira nawe hadi kalamu inachana karatasi, na bado nimekaa dukani nikakutafutia bahasha isiyo na kasoro. Sijui niviwekeje hivyo viwili pamoja, kwa hiyo naviandika tu kama vilivyo.

Barua yako niliisoma mara nne nyuma ya kaunta, watu wakinigongea kioo. Nilifikiri kuichoma. Nilifikiri kutengeneza hiyo karatasi ya hospitali mwenyewe. Mimi na mashine yangu tungeweza, mihuri ya kila aina imepita mikononi mwangu, na Mama asingejua hadi anaingia kaburini. Nilianza hata kuipanga kwenye kompyuta. Nilipofika mahali pa kuandika jina lako nikaizima.

Jioni nikakaa naye. Nilimwambia barua imefika, karatasi haikuja, na kwamba umeniomba nikusemee kwa kilugha. Akaitoa picha yako mezani akaishika mapajani, tayari kusikiliza. Nikaanza na lile la kwanza. Kwa kilugha, "sikupimwa" ni neno moja tu, fupi. Nilipolitoa alinyanyua mkono nisiendelee. Nikamwuliza kama basi niliache hapo hapo. Akasema mengine yote anayataka, hata neno moja lisipungue, ila hayataki mdomoni mwangu. "Ya Meneja nilikutuma wewe kwa kuwa yeye hawezi tena kusema," akaniambia. "Huyu ana mikono, aniandikie mwenyewe, kwa lugha niliyomzalia."

Nikamwambia, "Mama, Kitinda hawezi. Hajawahi kuandika kilugha hata mstari mmoja."

Akasema, "Najua."

Dada yako